Neno Lililokatwa na Ukurasa

Kilindoni, Mafia
3 Februari 2011

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Sheria ya Mwangaza,
Dar es Salaam

Shikamoo.

Nimepiga simu kwenu mara tatu. Mara mbili niliambiwa maombi yote ya nakala yaje kwa barua yenye saini, na mara ya tatu aliyepokea alinijibu mambo ambayo sikumuuliza. Basi nimekaa chini kuandika.

Jina langu ni Warda Mudrik, msaidizi wa sheria hapa kisiwani. Mimi si wakili. Nilipata mafunzo ya miezi sita, nikapewa cheti na meza, na watu wasio na wakili huja kwenye meza hiyo. Safari hii wamekuja wanawake ishirini na sita wa ufuko wa Kwa Shamte, karibu na Utende. Wanalima mwani. Tangu hifadhi ya bahari ilipokuja na nyavu za kukokota zikakatazwa, mwani ndio unga wao na sare za shule za watoto wao. Mwani ukitoka majini lazima uanikwe, nao huanika pale pale ufukoni, juu ya vichanja. Mwaka jana shamba la minazi lililo nyuma ya ufuko lilinunuliwa na mtu anayetaka kujenga hoteli, naye ameshusha uzio wa waya mpaka mchangani. Vichanja ameving'oa. Mavuno yaliyopita wameyaanika kwenye mabaraza ya nyumba zao, nusu yakaoza. Wasiporudishiwa ufuko kilimo hiki kimekwisha.

Kesi iko kwenye Baraza la Ardhi. Tegemeo letu ni hukumu moja ya zamani, ya Mwanamkuu binti Shaibu, mwaka 1967, iliyomo katika kitabu cha Hukumu za Ardhi za Pwani, Juzuu ya Tatu. Wakili wa upande wa pili, Bwana Sadock, ameleta nakala aliyoitoa kwenye tovuti yenu, yenye muhuri wenu. Inasema: "Ufuko wote unaofikwa na maji ya mvua ni wa watu wote kupita na kuanika, wala mwenye shamba hana haki ya kuuzuia." Ya mvua. Kwa hiyo, asema Bwana Sadock, haki ya wanawake ni kwenye ule mfereji mmoja ambamo maji ya mvua hushuka kwenda baharini, upana wake hatua mbili.

Mzee, hapa kwetu watu wazima wote wanaijua kesi hii, na wanaiita kesi ya bamvua. Bibi Bimkubwa, mkubwa wa wale wanawake, alikuwepo mahakamani akiwa kigori, naye anaapa kwamba hakimu alisema "maji ya bamvua." Lakini Baraza haliwezi kuhukumu kwa kumbukumbu ya bibi. Linataka ukurasa. Nakala yenu ya tovuti haina hata namba za kurasa za kitabu, ni maneno yaliyopigwa chapa upya na kupangwa upya. Naomba nakala ya picha ya ukurasa wa 214 wenyewe, ambao ndio unaotajwa na hukumu zilizofuata. Huo mmoja unatosha. Tumeitwa tarehe 5 Aprili.

Wa kuwasumbua,
Warda Mudrik


Dar es Salaam
16 Februari 2011

Ndugu Warda Mudrik,

Marahaba. Barua yako imefika, ina saini na ina tarehe. Wengi husahau kimojawapo. Aliyekujibu mambo usiyomuuliza ni mimi. Masikio yangu hayapatani tena na simu, ndiyo maana napenda karatasi.

Nasikitika kwamba Juzuu ya Tatu hatuna. Ilikuwepo mpaka mwaka 1998, mvua zilipoingiza maji ghalani. Kabla kitabu hakijageuka uji, hukumu zake zote zilipigwa chapa kwenye kompyuta, kazi ya wiki saba. Nakala hiyo ndiyo mliyoiona. Bila kazi ile kesi yenu isingekuwepo kwenye kompyuta yoyote. Ilihakikiwa neno kwa neno, kama muhuri unavyosema. Nimekuwa hapa miaka thelathini na moja, na hakuna mahakama iliyowahi kuturudishia nakala kwa kosa hata la nukta.

Kuhusu neno lenyewe, nimelitafuta katika kamusi ndogo iliyo mezani kwangu, sikuliona. Naamini bibi yenu ni mkweli. Ila masikio ya mtoto yakichanganyika na miaka arobaini na nne yanaweza kuzaa neno. "Maji ya mvua" yanaeleweka kwa kila mtu.

Na hata tungekuwa na kitabu, nisingekupa ukurasa mmoja. Maktaba hii haitoi ukurasa uliotengwa na wenzake. Ukiomba wa 214 unapewa hukumu nzima, yenye namba zake kama zilivyo, ili mtu asijenge nyumba juu ya nusu ya sentensi. Kanuni hiyo niliiweka mimi, na wasomaji wenye haraka huinung'unikia sana.

Nakutakia heri katika shauri lenu.

Elineema
Mkutubi Mkuu


Kilindoni
24 Februari 2011

Mzee Elineema, shikamoo tena.

Nilipoisoma barua yako nilikasirika, kisha nikacheka. Muuguzi wetu Happy, naye ni mtu wa Upareni, aliponiambia Elineema ni jina la kwao milimani, hasira ikaisha. Basi nikufundishe bure.

Bahari ina mwendo wake na mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hutoka sana. Hiyo ndiyo bamvua. Yakijaa hupanda mpaka kwenye mikadi iliyoota juu ya ufuko, yakitoka huacha wazi masafa marefu, ndipo wanawake hushuka kwenye mashamba ya mwani kufunga na kuvuna. Siku za katikati maji ni mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mtoto wa hapa hulijua neno bamvua kabla hajaijua alifu.

Sasa isome ile sentensi upya. Hakimu anaweka mpaka wa ufuko, na mpaka ni lazima mtu auone. Bamvua huacha mstari wa majani na vifuu, utautembea mguu kwa mguu. Mvua inafika wapi? Inafika kila mahali, mpaka juu ya paa la huyo mwenye hoteli.

Aliyepiga chapa simdhanii nia mbaya. Nadhani alikuwa mtu asiyewahi kulowa miguu, akakuta neno geni akalitengeneza liwe lake. Asiyejua maana haambiwi maana, ndiyo maana tukaletewa mvua.

Lakini ile kanuni yako ya kutotenga ukurasa nimeipenda. Meza yangu imejaa vipande ambavyo watu huniletea, nusu ya hati, robo ya barua, mkataba usio na ukurasa wa saini, na laiti wote wangekuwa wakaidi kama wewe. Ndiyo maana nakuuliza wewe na si mwingine. Je, hakuna kitabu kingine popote katika nchi hii? Wewe ndiye unayejua vitabu vinakolala.

Mwanao katika usumbufu,
Warda


Dar es Salaam
21 Machi 2011

Ndugu Warda,

Wiki hizi umedhani nimenuna. Nilikuwa natafuta.

Niliandika barua kumi na nne, kwa maktaba, kwa mawakili wazee na kwa familia za mahakimu waliofariki. Kumi hazikujibiwa. Tatu zilijibiwa kwamba vitabu vyao vililiwa na mchwa. Ya kumi na nne ilijibiwa na mjane wa hakimu mstaafu huko Korogwe, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Juzuu zote anazo, ila haziondoki nyumbani mwake, maana marehemu aliazima kitabu kimoja mwaka 1974 na hakikurudi. Nikachukua siku tano za likizo yangu, nikabeba skana ya ofisi mapajani mpaka Korogwe.

Nimekaa mezani kwake siku tatu. Nimepiga picha kurasa zote 312, na jalada, na kurasa mbili zisizo na kitu, na ule ambao marehemu aliumwagia chai. Mama yule aliniuliza ukurasa mtupu nauchukulia nini. Nikamwambia usipokuwepo, unaofuata utakuwa na namba isiyo yake. Akaenda kunipikia makande.

Faili limo kwenye flashi niliyoifunga ndani ya bahasha hii. Jalada nimeliweka mwisho wa faili, na kitabu kina kurasa sita za mwanzo zenye namba za Kirumi, kwa hiyo ukurasa wa 214 wa kitabu ni picha ya 220 ya faili. Nimeandika orodha ya kulinganisha kurasa zote ili Baraza lisipotee.

Ila usianze na wa 214. Fungua wa 213, utazame mstari wa mwisho kabisa. Umeandikwa: "Ufuko wote unaofikwa na maji ya ba-" halafu kistari, na ukurasa umekwisha. Geuza. Wa 214 unaanza: "mvua ni wa watu wote kupita na kuanika." Mpiga chapa wa kiwandani aliishiwa na nafasi akalikata neno, nusu huku, nusu kule.

Ningekutumia ukurasa mmoja ulioomba, ungempelekea Bwana Sadock ushahidi wake mkononi.

Bibi Bimkubwa alisikia sawa. Mwombee radhi kwangu kwa yale niliyosema juu ya masikio ya mtoto. Neno lipo. Nimelisoma mara nyingi kule Korogwe.

Elineema


Kilindoni
6 Aprili 2011

Mzee wangu Elineema, shikamoo.

Barua hii anakuletea Happy mwenyewe, anapanda ndege leo kwenda mafunzoni na atarudi tarehe 12. Utaona kwa nini nina haraka.

Kompyuta pekee iliyokubali kufungua faili lako ni ya shule ya sekondari. Mwalimu Isdory alisoma kwa sauti, na wanawake wa Kwa Shamte wamejaa ndani na madirishani. Alipofika mwisho wa 213 akasema "ba," akanyamaza, akatafuta kitufe cha kugeuza. Kabla hajageuza, chumba kizima kikamalizia "mvua." Bibi Bimkubwa alikaa chini sakafuni akafuta machozi kwa pembe ya kanga. Nimefanya kazi hii miaka tisa na sijawahi kuona watu wazima wakishangilia kistari.

Nikuambie wazi nilicho nacho moyoni. Watu wetu wameandikia ofisi nyingi. Hakuna aliyewahi kupanda basi kwa ajili yao, tena akapiga picha mpaka kurasa tupu. Ile orodha yako ya kulinganisha nimeibandika ukutani kwangu. Nakustahi, Mzee, na sina neno kubwa zaidi ya hilo.

Sasa ubaya. Jana mbele ya Baraza Bwana Sadock alisimama akasema kuna nakala mbili, zote za maktaba moja. Moja ina muhuri kwamba imehakikiwa neno kwa neno. Nyingine ina alama pembeni mwa ukurasa inayoweza kuwa "ba" na inayoweza kuwa doa la chai. Mwenyekiti akafikiri, kisha akaamua hivi: aliyepiga chapa nakala ya kwanza alete kiapo, aseme aliona nini kitabuni. Kiapo kifike kabla ya tarehe 15. Kisipofika, atafuata nakala yenye muhuri. Tarehe 19 atakuja kuuona ufuko kwa macho yake.

Mtu wa mwaka 1998 nitampata wapi? Wewe utakuwa unamjua. Kama yu hai, mshike shati. Mwambie hatumchukii, ingawa Bibi Bimkubwa amesema akimkuta atamtumbukiza baharini ili asilisahau neno. Mimi ninachomlaumia si kutojua. Ni kugonga muhuri juu ya kutojua kwake. Huyo kwangu ni mvivu mwenye muhuri. Nisamehe, ulimi wangu hauna breki.

Warda


Dar es Salaam
11 Aprili 2011

Ndugu Warda,

Mpiga chapa ni mimi.

Kitabu kilikuwa kimelowa, karatasi zimegandana, nikizibandua kwa rula moja moja. Wenzangu walikuwa wakiokoa magazeti ya serikali, mimi nikabaki na vitabu vya hukumu. Nilipofika mwisho wa 213 niliona "ba-". Nikabandua. Nikaona "mvua." Na nilisimama, Ndugu Warda. Ningekuwa nimepita bila kuona ningelala vizuri. Nilisimama, nikajua hapa pana kitu, nikasema labda ni kipande cha neno lililofutika kwa maji, nikakiacha. Ilinichukua muda wa kupiga chafya tu. Baadaye nikagonga muhuri wa kuhakiki. Mhakiki nilikuwa mimi pia.

Ulipoandika mara ya kwanza sikukumbuka. Barua yako ya pili, uliponieleza bamvua, ndipo nilipouona tena akilini ule ukurasa uliolowa. Sikukuambia. Nikajiambia kwamba nikikipata kitabu, neno litajisemea lenyewe, na hakuna atakayeuliza kosa ni la nani. Zile wiki nne ulizonisifia, nilikuwa natafuta kitabu chenu, na nilikuwa natafuta njia ya kutosema. Nimekuficha na nimeona haya.

Nastaafu tarehe 30 Juni. Wameandaa hafla, na chumba cha nakala za kompyuta kinapewa jina langu. Nilitamani kuondoka bila doa. Juzi nilikwenda kwa mkurugenzi wetu, Mama Leonia, nikamweleza yote. Akasema maktaba inaweza kuandika kwamba mpiga chapa wa mwaka ule hajulikani. Alisema kwa wema. Nikamjibu kwamba anajulikana.

Kiapo kimo ndani, nimeapa leo asubuhi mbele ya kamishna wa viapo, kurasa tatu. Nimeeleza "ba-", nimeeleza kusimama kwangu, nimeeleza muhuri, na nimeeleza Korogwe. Happy ameahidi kutokiachia mkononi mpaka akukabidhi.

Kile ulichomwita mpiga chapa nimekisoma mara kadhaa. Umekosea kidogo tu. Haukuwa uvivu. Darasani tuliimba kwamba kuuliza si ujinga, na nikiwa mtu mzima mwenye ofisi niliona ni ujinga. Ningeuliza mtu yeyote wa pwani pale mlangoni, hata muuza madafu, wanawake wale wasingeng'olewa vichanja kwa ajili yangu. Waambie hivyo.

Elineema


Kilindoni
13 Aprili 2011

Mzee wangu,

Kiapo kimefika, nimekipeleka Barazani na kimegongwa muhuri wa mapokezi. Hilo kwanza, usikae roho juu.

Nimeomba radhi kwako kimoyomoyo tangu jana, sasa naiandika. Nilimtukana mtu nikidhani hayupo, kumbe ndiye niliyekuwa nikimsifu juu ya karatasi hiyo hiyo. Nisamehe.

Niliwasomea wanawake barua yako kama ulivyoagiza. Kuna mmoja, uzio ulipokuwa ukishushwa yeye ndiye aliyelala mbele ya waya, mkali kweli kweli. Huyo aliinuka akatoka, na sitakuficha kwamba hajasema neno mpaka leo. Bibi Bimkubwa aliuliza: "Kwani ni yeye yule yule aliyekwenda Korogwe?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi mwambie simtumbukizi. Aje alowe miguu tu, imtoshe."

Mimi nilikuwa nikikustahi kwa kurasa 312. Sasa ni 315.

Warda


Kilindoni
3 Juni 2011

Mzee wangu Elineema, shikamoo.

Nilitaka kukuandikia mapema, lakini nilijiapiza kwamba sitakuandikia mpaka nina hukumu mkononi. Ninayo. Ngoja nikupeleke taratibu.

Tarehe 19 Aprili Mwenyekiti alikuja Kwa Shamte saa kumi jioni, na mwezi ulikuwa umepevuka siku iliyotangulia. Siku ile na mvua ilinyesha tangu asubuhi, hivyo maji yote mawili yalikuwepo kutoa ushahidi. Bwana Sadock alituongoza kwenye mfereji wake. Ulikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo, na vichanja viwili visingeenea humo. Akiwa bado anaeleza, bahari ikaja nyuma yake. Haikuja kwa fujo, ilikuja kama ijavyo siku zote. Ikapita chini ya waya, ikaingia ndani ya uzio hatua kumi na saba, nilizihesabu, ikasimama kwenye mikadi. Mwenyekiti alikuwa amevaa viatu vya ngozi. Aliviangalia, akamuuliza Bibi Bimkubwa, "Mama, haya mnayaitaje?" Bibi akamwambia. Karani akaandika.

Kiapo chako kilisomwa Barazani siku ya pili yake. Bwana Sadock akasema mtu aliyekosea mara ya kwanza na akaficha, Baraza litamwaminije mara ya pili. Niliona joto mwilini, nikataka kusimama. Mwenyekiti akanitangulia. Alisema, "Mara ya pili hakuandika. Alipiga picha." Kisha akaomba aoneshwe tena 213 na 214, akaziweka kando kwa kando, akamuuliza Bwana Sadock kama doa la chai linajua kuweka kistari.

Hukumu ilitoka tarehe 31 Mei. Uzio urudishwe nyuma ya mikadi ndani ya siku thelathini, na ufuko wote wa maji ya bamvua ubaki wa kupita na kuanika. Hawakungoja siku thelathini. Jana nilipokwenda, vichanja vilikuwa vimesimama na mwani umeanikwa, na ufuko mzima unanuka ile harufu ambayo mwenye hoteli haipendi. Yule mkali aliyetoka siku ile alikuwa akigeuza mwani wake. Aliniambia nikuandikie kwamba kisiwa hiki kina nyumba yake, ukija usitafute pa kulala.

Nimekuletea hukumu, kurasa kumi na moja, kwa ajili ya maktaba. Ni yetu, lakini naiona ina mkono wako. Ila ukurasa wa saba si mtamu. Mwenyekiti ameandika jina lako lote, na ameandika kwamba uliliona neno ukaliacha, ukagonga muhuri, na kwa miaka kumi na mitatu mahakama zimekuwa zikisoma sheria isiyokuwepo. Ukurasa wa nane anausifu ukweli wako, lakini wa saba ni wa saba. Nilifikiri kuuchomoa. Nikaona nikiuchomoa nitakuwa sijajifunza kitu kwako. Zote kumi na moja zimo.

Mwanao,
Warda


Dar es Salaam
29 Juni 2011

Mwanangu Warda,

Marahaba. Hukumu imefika na nimeisoma nimesimama.

Leo ni siku yangu ya mwisho ya kazi, maana kesho ni hotuba na keki. Nimeitumia kwa hukumu yenu. Sikupiga chapa hata neno moja. Nimeiweka kwenye skana kama ilivyo, na alama ya maji ya chumvi iliyoko pembeni mwa ukurasa wa kwanza, ambayo nadhani ni yako. Ile nakala ya mwaka 1998 sikuifuta. Nimeifunga pamoja na picha za Korogwe, na juu yake nimeandika kosa liko wapi na la nani, ili mtu aliyekwisha kuitumia ajue.

Mama Leonia aliingia nikiwa katikati. Alikuwa amesoma. Alisimama nyuma yangu, akaniambia kwamba uamuzi wenyewe uko kurasa za mwisho, kwamba kesho wageni watafungua kompyuta za chumba hicho kuangalia kazi yangu, na kwamba kwa heshima yangu tungeweza kuweka kwanza kurasa nne za mwisho, nyingine zifuate baadaye. Amekuwa mwema kwangu miaka yote. Nilimshukuru.

Kisha nikaendelea. Kesho wageni wakifungua wataikuta hukumu nzima, na ukurasa wa saba umo, kati ya wa sita na wa nane.

Elineema